Umeuona mwezi, au umeonyeshwa?

KILA ifikapo jioni ya tarehe 29 Shaaban, na tena ile ya tarehe 29 Ramadhani, Waislamu wa nchi hii huingia katika hali tunayoijua sote. Redio zinafunguliwa, simu zinaita, vijana wanajaa vibarazani na kila anayepita anaulizwa kama ana habari. Umeonekana. Haujaonekana. Umeonekana Saudia. Wa Saudia si wetu. Usiku unapita hivyo hivyo, na kunapokucha wapo waliofunga na wapo wanaokunywa chai, katika mtaa mmoja, na wakati mwingine katika nyumba moja.

Mjadala wa kufuata mwezi wa hapa au wa popote siuingilii leo. Wenye elimu wameuandika sana, na kisa cha Kurayb aliyetoka Sham na kumkuta Ibn Abbas Madina akiwa na hesabu nyingine ya siku kinajulikana kwa kila aliyekaa darsani. Ninachotaka kukizungumza ni jambo dogo linaloutangulia mjadala wote huo. Ni neno "nimeuona". Mtu anaposema "nimeuona", anakuwa amesema nini? Na ana haki gani ya kulisema?

Nina sababu ya kuuliza. Miaka ya tisini, nikiwa kijana, nilikuwa mmoja wa mashahidi wawili.

Mwenye kuifahamu Musoma anajua kwamba mji wetu umeingia ziwani kama ulimi, na kwamba mtu akipanda mlimani Mukendo hulikuta ziwa limemzunguka kwa upana ambao hana haja ya kusumbuliwa na majengo. Kwa kutafuta mwezi ni mahali pazuri. Jioni ile ya tarehe 29 Ramadhani tulipanda watu kama kumi. Mawingu yalikuwa yamelala juu ya maji, si mengi, ila yalikuwa yamekaa pale pale tulipokuwa tunapahitaji. Jua lilizama. Tukakodoa macho. Baada ya muda mzee mmoja tuliyemheshimu sana akasema kwa sauti ya furaha, "Ule pale!" Akanivuta bega, akanyoosha mkono, akaniambia nifuate ncha ya kidole chake, juu kidogo ya wingu, kushoto. "Umeuona?"

Nikasema, "Nimeuona."

Sikuona kitu. Niliona wingu lenye ukingo unaong'aa. Lakini mzee alikuwa ameuona, wenzangu walikuwa wananitazama, swaumu ilikuwa imetuchosha, na Shawwal, kama tulivyofundishwa, inataka mashahidi wawili waadilifu. Mimi nilikuwa wa pili. Tulishuka tukienda mbio kama watu waliobeba zawadi. Usiku ule watu wa mtaa wetu walipiga takbira, na asubuhi tuliswali Idd.

Nitarudi kwenye jambo hili baadaye. Kwanza niseme jinsi lilivyonirudia.

Miaka michache iliyopita mwalimu mmoja mgeni alikuja hapa kwetu na darubini. Haikuwa kubwa. Ilikuwa bomba la urefu wa mkono wa mtu mzima, limesimama juu ya miguu mitatu. Aliiweka kwenye uwanja wa wazi hapo Mukendo baada ya Isha na kuwakaribisha watu, bure, watoto kwa wazee. Ulikuwa usiku wa nane wa mwezi. Kwa nchi kama yetu hilo ni tukio, maana hatuna katika miji yetu jumba la umma la kutazamia nyota ambalo mtu anaweza kwenda jioni kama anavyokwenda mpirani. Kenya ipo taasisi ya The Travelling Telescope inayozunguka shuleni na darubini pamoja na kuba la kujazwa upepo. Kwetu ulikuwapo mradi wa Telescopes to Tanzania ulioleta darubini kwa shule za upande wa Arusha, na Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania amekuwa kwa miaka mingi akiwaeleza wananchi habari za anga. Septemba 1, 2016 watu walimiminika Rujewa, wilayani Mbarali, mkoani Mbeya, kuliona jua likiwa limebaki pete tu. Lakini hizo ni siku za kuhesabika, na Musoma ni mbali.

Basi tulijipanga foleni. Mwalimu alianza na mwezi. Mwenye kuwahi kuutazama mwezi kwa darubini atakubaliana nami kwamba si kitu cha kusimuliwa. Ule mstari unaogawa mwanga na giza, ambao kwa macho matupu ni mkato laini, unaonekana umejaa mashimo na milima yenye vivuli virefu, kana kwamba mtu ameinama juu ya nchi ya mawe wakati wa alfajiri. Mwalimu alituonyesha shimo moja kubwa, upana wake zaidi ya kilomita 100, akatuambia linaitwa Albategnius. Nikamuuliza ni jina la nani. Akasema ni Al-Battani. Ndiye yule aliyefariki mwaka 929, ambaye bila ya darubini aliupima mwaka wa jua akapata siku 365, saa 5, dakika 46 na sekunde 24, akikosea kwa dakika chache tu. Pembeni yake wapo wengine: Azophi ni Abdul-Rahman as-Sufi, Alfraganus ni Al-Farghani. Yaani ule mwezi tunaougombania kila mwaka umeandikwa majina ya Waislamu, na sisi tunaogombana hatujui.

Lakini si hilo lililonikamata usiku ule.

Baada ya mwezi mwalimu aliigeuzia darubini kwenye Zohali, ile sayari yenye pete. Sasa, kwa kuwa dunia inazunguka, kitu ulichokilenga kwenye darubini isiyo na mota hakikai. Kinatembea kwenye kioo, na baada ya dakika moja au mbili kimetoka. Mwenye darubini hana budi kukilenga upya kila mara. Mwalimu akaitwa pembeni na mtu mwenye maswali, maswali yakawa marefu, na foleni ikaendelea kwenda bila yeye. Mtu mzima wa kwanza akainama, akasema "Subhanallah!" Wa pili akainama, akatikisa kichwa, akasema pete ameziona wazi kabisa. Wa tatu nilikuwa mimi. Niliinama nikakuta giza tupu. Nikakaa kama hesabu ya kumi, nikainuka, nikasema, "Mashallah."

Nyuma yangu alikuwapo binti wa darasa la nne au la tano. Alipanda juu ya tofali, akaweka jicho, akatulia. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Mwalimu, hamna kitu. Ni nyeusi."

Watu wazima wakacheka. Mmoja akamwambia, "Tazama vizuri, mama, wenzako wote wameona." Akatazama tena, kwa muda mrefu. Akasema, "Nimetazama. Hamna kitu."

Mwalimu akaja, akainama, akasema, "Anasema kweli. Imeshatoka kwenye kioo zamani."

Hakuna aliyecheka tena. Nami nilikuwa nimesimama hapo hapo Mukendo, na neno langu la miaka ya tisini likanirudia.

Ndugu msomaji, tusilifanye jambo hili dogo. Ni nini kilichotufanya watu wazima watatu, hakuna aliyelipwa na hakuna aliyetishwa, tuseme tumeona kisichokuwepo? Hatukuwa waongo kwa maana ya mtu anayekaa akapanga uongo. Yule wa kwanza pengine aliona bado ukingo wa mwanga. Wa pili aliona haya. Mimi niliona haya mara mbili, ya kuonekana mjinga na ya kumharibia mwenyeji shughuli yake. Tulijua kinachotakiwa kuonekana, tukasema tumekiona. Tofauti kati ya kujua kwamba kitu kipo na kukiona kitu hicho tuliifuta kwa neno moja la adabu.

Na hapa ndipo penye mzizi wa tatizo. Zohali ilikuwepo angani kweli. Tungesema "najua ipo" tungekuwa wakweli. Tulisema "nimeiona". Wengi wanadhani ushahidi wa uongo ni kusema kitu ambacho si kweli. Sivyo peke yake. Mtu anaweza kushuhudia jambo la kweli kabisa na bado akawa shahidi wa uongo, kwa kuwa yeye hakuliona. Mtume (s.a.w.) alipoyataja madhambi makubwa na kufikia ushahidi wa uongo aliinuka kutoka alipokuwa ameegemea, akakaa, na akalirudia neno hilo mpaka Masahaba wakatamani lau angenyamaza. Mimi nilikuwa nikiisoma hadithi hiyo nikiwafikiria watu wa mahakamani.

Wapo watakaosema, na wameshaniambia, kwamba mambo ya darubini na nyota ni starehe ya watu wasio na kazi. Mwislamu anayetafuta ada ya shule na nauli, atakwenda kutazama pete za Zohali ili apate nini? Wengine wanakwenda mbali zaidi na kuogopa hata jina. Kwa Kiswahili chetu neno mnajimu limebeba mizigo miwili, anayehesabu mwendo wa nyota na anayetabiri bahati za watu, na wengi wetu tukilisikia tunamkumbuka marehemu Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki mwaka 2011, na utabiri wake. Hofu hiyo ina msingi, na sitaipuuza.

Lakini hebu tuitazame Qur'an yenyewe inamtaka nini muumini kuhusu mbingu. Haimtaki asifie tu. Inamtaka atazame, na katika Surat Al-Mulk (67:3-4) inamtaka arudie kutazama, kisha arudie tena, mpaka jicho lichoke. Katika Surat Al-An'am (6:75-79) tunasomewa habari ya Nabii Ibrahim (a.s.) na nyota, na mwezi, na jua. Wengi hukisimulia kisa kile wakikimbilia mwisho. Mimi nawaomba watazame mwendo wake. Ibrahim hakuhukumu kwa kuitazama nyota mara moja. Alisubiri ikazama. Akausubiri mwezi nao ukazama. Akalisubiri jua. Hoja yake yote imesimama juu ya kukaa macho usiku na mchana mpaka kitu kionyeshe mwisho wake. Mtu wa haraka asingeweza kuwa na hoja ile.

Na tumtazame Mtume wetu (s.a.w.) siku aliyofariki mwanawe mdogo, Ibrahim. Jua likapatwa siku hiyo hiyo. Watu wakasema limepatwa kwa kifo cha mtoto wa Mtume. Hebu fikiri: ni uongo mtamu kiasi gani ule! Haukuzuliwa na maadui. Ulizuliwa kwa mapenzi, katika saa ya msiba, na ungemtukuza yeye na mwanawe. Angeweza kunyamaza tu. Hakunyamaza. Alisimama akawaambia kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa yeyote. Watu wale walikuwa wameona kupatwa. Hilo lilikuwa kweli. Walichokiongeza juu yake ndicho alichokikataa.

Ukiishika tofauti hiyo, hata historia yetu ya majumba ya kutazamia nyota inasomeka vingine. Tunapenda kujisifu kwa Maragha iliyojengwa mwaka 1259 chini ya Nasir al-Din at-Tusi, na Samarkand ya Ulugh Beg, ambaye kipimo chake cha mawe kilikuwa na nusu kipenyo cha kama mita 40, na orodha yake ya mwaka 1437 ilikuwa na nyota zaidi ya 1,000. Ni haki kujisifu, ingawa Ulugh Beg aliuawa mwaka 1449 kwa amri ya mwanawe mwenyewe na jumba lake likabomolewa na kusahaulika mpaka mabaki yake yalipofukuliwa mwaka 1908. Ila kisa ninachokirudia mara nyingi ni cha Istanbul. Mwaka 1577 Taqi al-Din alifunguliwa jumba la kutazamia nyota na Sultani Murad III. Mwaka huo huo ikatokea nyota yenye mkia, kubwa, iliyoonekana dunia nzima. Taqi al-Din aliitazama na kuipima, kama kazi yake ilivyotaka. Kisha akamwambia Sultani kwamba ni dalili njema kwa majeshi yake dhidi ya Waajemi. Yakaja maradhi, wakubwa wakafa, Sheikhul-Islam akashauri, na mwaka 1580 jumba likabomolewa. Wanahistoria wanataja pia ugomvi wa kisiasa ndani yake.

Kisa hiki husimuliwa na wapinga dini kama ushahidi kwamba masheikh ni maadui wa elimu. Na wengine wetu hukijibu kwa hasira. Naona pande zote mbili zinamruka mtu mwenyewe. Taqi al-Din alikuwa na vyombo vilivyokuwa sawa na bora vya zama zake. Vyombo havikumwambia habari ya vita. Alichokiona ni nyota yenye mkia, mahali fulani, saa fulani. Alisema zaidi ya alichokiona, kwa kuwa aliyekuwa mbele yake alitaka kusikia zaidi. Jumba lilibomolewa kwa dhulma, lakini tofali la kwanza alilitoa yeye. Namsema hivi kwa upole, maana mimi sikuwa mbele ya Sultani. Nilikuwa mbele ya watu kumi.

Je, chombo kitatuokoa? Vijana wanaamini hivyo. Wanasema tukiwa na darubini kila mji, ugomvi wa mwezi utakwisha. Mimi naipenda darubini, lakini hapa inabidi tuwe waangalifu. Rekodi inayokubalika ya kuuona mwezi mchanga kwa jicho tupu ni ya Stephen James O'Meara, Mmarekani, Mei 1990, mwezi ukiwa na umri wa saa 15 na dakika 32 tangu kukutana na jua. Septemba 2002 Mohsen Mirsaeed wa Iran aliuona kwa darubini kubwa ya macho mawili ukiwa na saa 11 na dakika 40. Kisha Julai 8, 2013 Mfaransa Thierry Legault aliupiga picha mchana, kwa kamera inayonasa mwanga ambao jicho halioni, dakika ile ile ya kukutana. Umri wa mwezi: sifuri. Na mwezi wenyewe, kwa taarifa ya msomaji, ulikuwa ni wa Ramadhani ya mwaka 1434.

Sasa niambie, hapo "nimeuona" imekuwa na maana gani? Chombo kikipita mpaka cha jicho kabisa, kinaona kila mwezi, kila mara, hakikosi. Na kisichoweza kukosa hakihitaji shahidi, kinahitaji fundi. Huenda wanazuoni wakakubali hilo, huenda wakalikataa, si kazi ya safu hii kutoa fatwa. Ninachosema ni kwamba swali la uaminifu halijaondoka. Limehama tu kutoka mlimani likaenda kwa anayeisoma picha.

Hili ndilo linalonifanya nitofautishe pia kati ya anga lenyewe na lile kuba la nyota, planetariamu, ambalo miji mikubwa ya dunia inalo. Sina ubaya nalo. Mtoto akikaa ndani, taa zikazimwa, nyota zikarushwa darini, atajifunza kwa saa moja ambacho angani kingemchukua mwaka. Na kwa watoto wa Dar es Salaam, ambao taa za mji zimewanyang'anya usiku, pengine ndiyo njia iliyobaki. Lakini ndani ya kuba hakuna wingu. Mwezi unaandama kwa kitufe. Huwezi kukosa kuona, na kwa hiyo huna nafasi ya kusema "sijaona". Uwanjani Mukendo nafasi hiyo ilikuwepo. Binti yule aliitumia. Sisi tatu tuliikimbia.

Anayetaka kujua jicho la kweli likoje akae na wavuvi wetu wa dagaa. Kazi yao yote imefungwa kwenye mwezi. Dagaa huvutwa kwa taa, na taa haina nguvu mbele ya mbalamwezi, kwa hiyo usiku wa giza ndio wa kazi, na mwezi unapokaribia kutimia mitumbwi inapumzika na nyavu zinashonwa. Ukisimama mlimani usiku wa giza unaona taa zimetapakaa ziwani, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola, mpaka hujui maji yanaishia wapi na nyota zinaanzia wapi. Mvuvi mmoja wa Mwigobero nilimuuliza kama amewahi kudanganyika kuhusu mwezi. Akacheka. Akaniambia, "Sheikh, mimi nikidanganyika nakosa mafuta ya taa na nakosa dagaa. Wewe ukidanganyika unakosa nini?"

Swali hilo halijanitoka. Yeye anautazama mwezi kila usiku kwa sababu riziki yake imo humo. Sisi tunautazama mara mbili kwa mwaka, na mara hizo mbili tunataka macho yetu yawe hoja kwa umma mzima. Mtu ambaye hajui mwezi mchanga hapa kwetu, karibu na mstari wa ikweta, hulala kama mtumbwi na pembe zake zikitazama juu. Ambaye hajui kuitofautisha Zuhura na taa ya ndege. Ambaye hajawahi hata mara moja kupanda kwa hiari yake mwezi wa Rajab au Jumada kuzoea tu, huyo anapanda tarehe 29 Ramadhani na kurudi na kiapo. Tungemkubali mtu wa namna hiyo ashuhudie mpaka wa shamba?

Mazoezi yenyewe hayana gharama. Mei 28 na Julai 16 jua hupita juu ya Al-Kaaba, mara ya kwanza kama saa 6:18 mchana kwa saa zetu, mara ya pili kama saa 6:27, na aliye Mukendo akisimamisha kijiti wima uani atakiona kivuli kimekipa kisogo Kibla. Ajaribu, kisha aulinganishe mstari ule na mswala wake. Kilimia kinajulikana na bibi zetu waliolima kwa kukifuata. Haya hayahitaji darubini. (Na mwenye darubini asiielekeze kwenye jua hata kwa bahati mbaya, jicho haliuzwi dukani.)

Nilisema nitarudi.

Miaka mingi baada ya Idd ile nilijifunza kusoma majedwali ya kuzama kwa jua na mwezi. Nikaitafuta jioni yetu. Nikakuta kwamba siku ile, kwa hapa Musoma, mwezi ulitangulia kuzama kabla ya jua. Haukuwepo juu ya upeo. Hakuna jicho, hakuna darubini, hakuna mtu yeyote angeweza kuuona pale kidole kilipoelekea. Mzee wetu, Allah amrehemu, naamini aliona ukingo wa wingu na kuamini. Yeye aliamini. Mimi sikuona na nikasema.

Kwa hiyo mtaa mzima ulikula siku moja ya Ramadhani kwa ulimi wangu. Yangu nimeilipa. Lakini yalikuwepo maimamu, walikuwepo kina mama waliokuwa wamekesha, walikuwepo wazee ambao pengine Ramadhani ile ilikuwa yao ya mwisho. Nilimwendea mwanachuoni mmoja nikamweleza yote. Alichonijibu kuhusu hukumu ya watu wale nakiacha, kwa sababu kilijibiwa kwa hali yangu na si cha kunukuliwa gazetini. Kuhusu mimi aliuliza jambo moja tu: "Umewaambia?"

Nilikuwa sijawaambia. Kwa miaka yote ile niliogopa, nikijiambia kwamba nitazua fitina, kwamba watu watapoteza imani na mashahidi, kwamba jambo limeshapita. Wengine wamekufa, wengine wamehamia Mwanza, wengine sijui walipo. Waliobaki niliwapitia mmoja mmoja. Bibi mmoja alinisikiliza mpaka mwisho akasema tu, "Sasa mwanangu mbona hukusema hujauona? Tungefunga, basi." Na gazeti hili, naamini, linawafikia baadhi ya wale ambao sikuwapata.

Tarehe 29 Shaaban iliyopita nilipanda tena Mukendo. Tulikuwa sita, na kijana mmoja alikuwa na darubini ndogo ya macho mawili. Ziwa lilikuwa shwari, mawingu membamba. Mmoja akasema anadhani ameona. Tukamuuliza wapi, akatuonyesha, tukatazama sote kwa zamu, tukangoja wingu lipite. Lilipopita hapakuwa na kitu. Akasema, "Basi, nilidhani." Tukakaa mpaka wekundu wote ulipokwisha upande wa machweo na taa za kwanza zikawashwa ziwani. Simu yangu ikaita, ni imamu, anataka kujua.

Nikamwambia, "Sijauona."